Baiskeli ya milimani: Utapataje nyepesi bila kumaliza akiba?

RAHISI ghali, walinena wahenga. Ukitaka kuuona ukweli wa msemo huo, itazame baiskeli ya shoki mbili inayouzwa dukani kwa bei ya kutupa. Imepakwa rangi za kung'aa, fremu yake imepinda kama shingo ya korongo, na chini ya kiti pana springi nene nyekundu inayowatoa vijana mate. Siku mwenyewe atakapoipandisha mlima wa kwanza ndipo atakapogundua kwamba amenunua mzigo.

Juma hili ninajibu barua ya msomaji mmoja, mwanafunzi wa chuo hapa jijini Nairobi. Kwa mwaka mzima amekuwa akiwafundisha watoto wa majirani hisabati siku za Jumamosi na kuweka akiba. Anatamani baiskeli ya milimani yenye shoki mbele na nyuma. Anasisitiza iwe nyepesi, kwani familia yao inaishi ghorofa ya nne katika jumba lisilo na lifti, na ile aliyokuwa nayo awali iliibwa usiku ikiwa imefungwa chini ya ngazi. Baba yake anaona heri pesa hizo ziongezwe kwenye karo ya muhula ujao. Kijana anaomba ushauri.

Mzee ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwani akiba ya mwaka mzima yaweza kupotea kwa alasiri moja. Kijana naye hajakosea kutaka kitu chepesi. Baiskeli isiyobebeka hadi ghorofa ya nne italala chini, na ikilala chini huenda isionekane asubuhi. Kwa hivyo tulitazame jambo hili kwa makini, maana najua nyumba nyingi za mjini zina mjadala kama huo.

Uzito ni kiasi gani?

Tuanze na mizani. Ile baiskeli nyeusi ya chuma iliyozoeleka vijijini kwa jina la Black Mamba huwa na kilo 20 hivi. Baiskeli ya shoki mbili ya bei ya chini kabisa haiko mbali nayo: aghalabu ni kilo 17 hadi 19. Baiskeli ya milimani ya kampuni yenye sifa, iliyo na shoki ya mbele peke yake, huwa na kilo 13 hadi 15. Ya shoki mbili kutoka kampuni hizo hizo, ikiwa mpya na ya daraja la chini, huwa na kilo 14 hadi 16. Zile za mashindano zilizoundwa kwa kaboni hushuka hadi kilo 10 au 11, lakini bei yake ni maelfu ya dola. Hizo tuwaachie wenyewe.

Je, kilo tano zina maana gani? Chukua mwendeshaji wa kilo 65. Akiwa juu ya baiskeli ya kilo 18, miguu yake inasukuma jumla ya kilo 83. Akiwa juu ya ile ya kilo 13, inasukuma kilo 78. Tofauti ni kama asilimia 6, na ataihisi kuanzia mlima wa kwanza. Lakini tofauti ya kilo moja ni zaidi kidogo tu ya asilimia moja. Ndiyo maana nasema: ikimbie baiskeli ya kilo 18, ila usimwage akiba yako ukitafuta kupunguza gramu 300. Chupa ya maji ya nusu lita ni nzito kuliko hizo.

Kuna jambo jingine ambalo mizani haionyeshi. Shoki nzuri huwa na vitu viwili: springi, iwe ya chuma au ya hewa, pamoja na mafuta yanayoizuia springi hiyo isirudi kwa kishindo. Shoki nyingi za bei ya chini zina springi tu. Kila ukikanyaga pedali, baiskeli inainama na kuinuka kama mashua kwenye mawimbi, na nguvu iliyopaswa kuzungusha gurudumu inaishia kwenye springi. Basi ile ambayo tayari ni nzito, mlimani huonekana nzito maradufu. Baadhi ya baiskeli hizo hata hubandikwa ilani ndogo ya kuonya zisitumiwe kwenye njia za mawe wala kurukia. Baiskeli ya milimani isiyotakiwa kwenda milimani!

Mambo matatu, chagua mawili

Keith Bontrager, Mmarekani aliye miongoni mwa waundaji wa mapema wa baiskeli za milimani, anajulikana kwa usemi mmoja ambao mafundi huurudia kote duniani: imara, nyepesi, rahisi, chagua mawili. Ukitaka imara na nyepesi, haitakuwa rahisi. Ukitaka nyepesi na rahisi, haitakuwa imara. Ukitaka imara na rahisi, itakuwa nzito.

Je, mwenye akiba ndogo hana njia? Anayo, nayo ni kupunguza mahitaji. Kila kitu kinachoongezwa kwenye baiskeli kina uzito wake na bei yake. Ukiacha usichokihitaji, unapunguza uzito na bei kwa pamoja, na uimara unabaki pale pale. Mwenye pesa nyingi hununua wepesi. Sisi wengine huupata kwa kujua cha kuacha.

Cha kwanza cha kuacha

Kabla ya yote, jiulize utaendesha wapi. Njia za baiskeli katika Msitu wa Karura zinatunzwa vizuri. Vijia vya mashamba ya majani chai kule Limuru na Tigoni ni vya udongo. Katika mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, njia kuu ni barabara ya vumbi. Kote huko shoki ya mbele pekee inatosha na kusaza. Shoki ya nyuma pamoja na vyuma vinavyoishikilia huongeza uzito, kwa kawaida kilo moja hadi mbili, na bei nayo hupanda.

Usidhani kwamba asiye na shoki ya nyuma ni wa kuonewa huruma. Vijana wa California walioanzisha mchezo huu miaka ya 1970 waliteremka milima bila shoki yoyote. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alitwaa dhahabu akiwa na baiskeli ya shoki mbili. Aliyemfuata, Nino Schurter wa Uswisi, alikuwa na shoki ya mbele tu. Walipishana kwa sekunde moja.

Hata hivyo shoki ya nyuma ina kazi yake. Kwenye mteremko wa mawe na mizizi, huliwezesha gurudumu la nyuma kuishika ardhi badala ya kurukaruka. Breki hushika vyema, na uti wa mgongo haupigwi vishindo. Ikiwa kila wikendi wewe na wenzako mnateremka vijia vya mawe vya milima ya Ngong, au ikiwa mgongo wako hukusumbua, una sababu. Ikiwa sababu yako ni kwamba rafiki yako anayo, chukua ya shoki moja, na chenji itakayobaki uiongeze kwenye ile karo.

Ukiamua shoki mbili

Tuseme umepima na bado umeamua ni shoki mbili. Endelea kuacha.

Acha shoki zinazobonyea sana. Kila shoki ina kipimo cha milimita kinachoonyesha inabonyea kiasi gani. Baiskeli za mashindano ya kuteremka pekee hubonyea takriban milimita 200, na ni nzito mno kuzipandisha mlima. Tafuta ya milimita 100 hadi 120. Hiyo imeundwa kwa ajili ya mtu anayepanda kabla ya kushuka, na fremu yake huwa nyembamba na nyepesi zaidi.

Acha springi za chuma. Shoki ya nyuma inayotumia hewa, ya kiasi hicho cha kubonyea, huwa na gramu 300 hadi 400 hivi. Ya springi ya chuma huweza kuwa na uzito maradufu au zaidi. Mbele ni vivyo hivyo: miguu ya hewa huwa na kilo mbili au pungufu, ilhali ile ya springi ya bei ya chini hufika kilo mbili na nusu. Isitoshe, shoki ya hewa hurekebishwa kulingana na mwendeshaji kwa pampu yake maalum. Kaka wa kilo 75 na dada wa kilo 50 wanaweza kutumia baiskeli moja kwa kubadilisha upepo tu. Kanuni nyepesi ni hii: ukikaa juu ya kiti bila kuruka, shoki ya nyuma ibonyee kama robo ya uwezo wake.

Acha magurudumu ya mtindo. Hadi karibu mwaka 2010, baiskeli nyingi za milimani zilikuwa za inchi 26. Baadaye makampuni yakahamia inchi 29 na 27.5, na zile za zamani zikaporomoka thamani hata zilipokuwa bora. Kwa mwenye akiba ndogo hiyo ni bahati. Gurudumu dogo huwa jepesi kuliko kubwa la aina ile ile, na tairi na tyubu za inchi 26 hazisumbui kupatikana kwetu. Ni kweli kwamba gurudumu kubwa hupita kwenye mashimo kwa ulaini zaidi, na mtu mrefu sana hulifurahia. Lakini tofauti hiyo haiwezi kulinganishwa na tofauti ya bei.

Acha gia usizozitumia. Baiskeli za miaka hiyo huwa na duara tatu za meno mbele, penye pedali. Fundi anayeijua kazi anaweza kubakiza moja na kuondoa nyingine mbili pamoja na kifaa cha kuhamisha mnyororo, waya na kibonyezo chake. Hapo unaokoa kama gramu 300 au zaidi. Sharti moja: hakikisha nyuma kuna duara kubwa la kukuwezesha kupanda mlima, la sivyo utakuwa ukiisukuma kwa miguu.

Kukagua mtumba

Kwa akiba ya mwanafunzi, baiskeli ya aina hii lazima itakuwa ya mtumba. Mpya ya kampuni yenye sifa kwa kawaida huuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja huko ng'ambo, kabla ya usafiri na ushuru. Mtumba mzuri wa fremu ya alumini, wa magurudumu ya inchi 26 na shoki za hewa, huweza kuwa na kilo 12 hadi 13 na nusu. Hiyo ndiyo baiskeli ya kusakwa. Ila mtumba hauna dhamana, kwa hivyo nenda mchana, nenda na fundi, na ukague mambo haya.

1. Fremu. Futa vumbi na utazame kila mahali palipochomelewa, hasa nyuma ya usukani na pale shoki iliposhikiliwa. Ukiona ufa, ondoka. Alumini iliyopasuka ikichomelewa jua kali hairudii nguvu yake ya awali, hata ikipakwa rangi nzuri namna gani. Ikiwa fremu ni ya kaboni, igonge taratibu kwa sarafu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sauti kavu ikigeuka ghafla kuwa butu, huenda ndani kuna jeraha. Kwa mtumba, mimi nashauri alumini.

2. Viungo vya nyuma. Shika kiti na uinue polepole. Ukisikia kugonga kabla ya gurudumu kuondoka ardhini, beringi au bushi zimelika. Huo si mwisho wa dunia, lakini ni hoja ya kupunguziwa bei, na uhakikishe kwanza kwamba fundi wako anaweza kuzipata.

3. Shoki. Tazama zile nguzo zinazong'aa. Mikwaruzo mirefu au mafuta yanayotiririka ni dalili mbaya. Bonyeza kisha uachilie: inapaswa kurudi kwa utaratibu, isirushe kama mtego. Baada ya hapo kaa robo saa ukizungumza na muuzaji, halafu ubonyeze tena uone kama hewa imepungua. Andika vipimo vya shoki ya nyuma, mathalani milimita 190 kwa 50, kwa sababu ya kipimo tofauti haitaingia. Kumbuka pia kwamba shoki hutaka huduma. RockShox, kwa mfano, hupendekeza miguu ya mbele ifunguliwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Mwenye kuiuza akikuambia haijawahi kufunguliwa, usidhani anaisifu.

4. Nambari ya fremu. Aghalabu hupigwa muhuri chini, kati ya pedali. Ikiwa imekwaruzwa makusudi, iache hata kama bei inakuchekea. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Andikianeni jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya fremu. Wala usitume hata shilingi moja kwa M-Pesa kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye baiskeli yake hujaiona wala kuigusa.

5. Mizani. Usiamini kilo za kutamkwa. Wapo wale wenye mizani ya kupimia watu kando ya barabara. Panda peke yako, kisha panda ukiwa na baiskeli begani, utoe ya kwanza kwenye ya pili. Baada ya hapo tafuta ngazi za jengo la karibu na upande nayo ghorofa mbili. Bega litakujibu.

Gawanya pesa kabla ya kutoka nyumbani

Tuchukue mfano wa akiba ya Sh60,000. Igawe mafungu kumi. Mafungu saba, yaani Sh42,000, ni ya baiskeli yenyewe. Mawili, Sh12,000, ni ya matengenezo ya mwanzo: mnyororo, pedi za breki, beringi na mafuta ya shoki. Moja lililobaki, Sh6,000, ni la helmeti na kufuli. Anayetumia mafungu yote kumi kununulia baiskeli huishia kuiegemeza ukutani mwezi mzima akitafuta pesa za beringi.

Baadaye ukipata senti za kupunguza uzito zaidi, anza na tairi. Uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu huzungushwa kila unapoondoka, kwa hivyo miguu huuhisi upesi. Tairi ambayo ukingo wake umetiwa nyuzi, ile inayokunjika kama shati, huweza kuwa nyepesi kwa gramu 100 hivi kuliko ya waya. Ikiwa rimu na tairi zimeundwa kwa kazi hiyo, unaweza hata kuondoa tyubu na kutia ule uji maalum wa kuziba matundu. Kwa nchi yenye miiba ya migunga kama yetu, hilo litakuokoa mara nyingi njiani.

Pasipofaa kupunguzwa uzito ni kwenye usukani, breki na helmeti. Usukani mwepesi wa bei ya kutupa ukikatika mteremkoni, meno ndiyo yatakayolipa tofauti.

Neno kwa wazazi

Sasa nimgeukie mzee, na wazazi wengine walio na vijana wa namna hii. Ikiwa karo haijalipwa, karo kwanza. Baiskeli ya inchi 26 haiozi wala haipandi bei kwa kusubiri muhula mmoja, na kijana aelezwe hivyo kwa upole, bila kukejeliwa, kwani pesa ni jasho lake. Ikiwa karo imelipwa, usimwache aende peke yake. Fuatana naye. Yeye anazijua milimita za shoki, nawe unajua kumtazama muuzaji usoni na kujua anaficha nini. Kijana aliyepewa kibali nusu nusu huchukua ya kwanza anayoiona kabla mzee hajabadilisha nia, na hapo ndipo ile yenye springi nyekundu humnasa.

Kubalianeni mapema pia juu ya mahali itakapolala. Ndoano mbili imara kwenye ukuta wa sebule huchukua nafasi ndogo kuliko kabati, mradi mwenye nyumba ameruhusu kutobolewa. Iliyo nyepesi itafika hapo kila jioni bila manung'uniko.

Jumapili ijayo tutazungumzia makufuli: yapi wezi huyakata kwa sekunde chache, na yapi huwatoa jasho. Hadi wakati huo, msomaji, tembelea wauzaji watatu kabla ya kulipa mmoja, na usisahau kupita kwenye mizani.